Daktari wa Dipu Apimwa Damu

Mji mzima wa Tawa humwita Nthiwa daktari, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kumwona akitibu binadamu. Alichotibu ni kupe. Kwa miaka mingi, mpaka dawa ya kuogeshea mifugo ilipokosa wa kuinunua, alisimama pale kwenye dipu na gamubuti zake na fimbo yake, akiamua ng'ombe yupi apite na yupi arudi nyumbani. Ugonjwa wa midomo na miguu ulipozuka alipewa sindano asaidie kuchanja. Basi. Huku kwetu mtu akishashika sindano mbele ya watu, huyo ni daktari mpaka kufa kwake, na ole wako umwite kwa jina alilopewa na mamake.

Dipu ilipofungwa, udaktari wake ulihamia kanisani. Si alikuwa na nafasi? Akawa mzee wa kanisa, kisha mwenyekiti wa kamati ya harusi, na hapo ndipo alipopata ng'ombe wapya. Kanisa lao, kama mengi ya huku, halitangazi ndoa mpaka wachumba wapimwe virusi vya ukimwi. Sheria ya Kenya inakataza kumlazimisha mtu kupimwa ndiyo aruhusiwe kuoa. Nthiwa aliambiwa hivyo na mwalimu mmoja mstaafu, akacheka kwa upole.

"Sisi hatulazimishi mtu," alisema. "Anayekataa tunamwombea. Ila hatumwozi."

Makanisa mengine huridhika na karatasi ya hospitali kwenye bahasha. Yeye aliikataa karatasi, kwa sababu karatasi hununuliwa. Kipimo kifanyiwe kwenye chumba cha wazee, juu ya meza ya kuhesabia sadaka, Jumamosi asubuhi, kamati ikiangalia. Tone la damu ya kidole linawekwa kwenye kijiti. Laini moja, harusi ipo. Laini mbili, hakuna harusi. Na jibu la kwanza ndilo jibu. Hapo alikuwa na andiko: ndiyo yenu iwe ndiyo, na siyo yenu iwe siyo. Kupima mara ya pili ni kumjaribu Bwana. "Hata ng'ombe," aliongeza kwa wale ambao andiko halikuwatosha, "ukimpima umempima. Hapimwi mpaka akupendeze."

Kamati ikasema amina. Kamati ya harusi husema amina kwa kitu chochote kinachokuja kabla ya chai.

Aliyeionja sheria hiyo ni Kasyoka, msichana wa kwaya, mchumba wa Mwau fundi wa umeme. Kadi zilikuwa zimeshachapishwa. Kijiti chake kilitoa laini mbili, ya pili hafifu, hafifu kweli, ya kukodolewa macho. Nesi mstaafu aliyekuwa akipima akafungua boksi la vijiti vya aina nyingine, kwa sababu ndivyo alivyofunzwa: cha kwanza kikionyesha, unathibitisha na cha pili kabla hujamwambia mtu neno. Nthiwa akaweka mkono wake juu ya boksi.

"Nesi," alisema, "Bwana ameshasema."

Jumapili tangazo la ndoa halikusomwa, na Tawa tangazo lisiposomwa hakuna anayehitaji kuelezwa. Kasyoka alikwenda hospitali ya kaunti, akapimwa kwa kila walichokuwa nacho, akaonekana hana kitu. Akaleta karatasi. Nthiwa akasema hana miwani. Mwau akaoa msichana wa Mbooni kabla mvua hazijaanza. Kasyoka aliacha kwaya, akafungua kibanda cha ndengu sokoni, na Jumapili akawa anakaa benchi la nyuma kabisa karibu na mlango. Nthiwa alilala usingizi mzuri tu.

Na hebu tuambiane ukweli: hata angekuwa na virusi, kwani ingekuwa nini? Kwenye kwaya hiyohiyo kuna baba wa mapacha anayemeza dawa tangu zamani, mke mzima, watoto wazima, na sauti yake ya besi ndiyo inayolishikilia kanisa lisianguke. Yeye alioa kabla Nthiwa hajapewa kiti. Bahati yake.

Sasa, mke wa Nthiwa alikuwa amefariki, na mzee alikuwa amechoka kula isyo baridi, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, kutoka jikoni kwa wake wa wanawe. Siku moja alikwenda Makindu kutafuta dawa ya kupe wa mbuzi, akaingia duka la Wangechi. Mwanamke huyu alikuwa mjane, watu wao walitoka Nyeri wakaja kufanya biashara kwenye barabara ya Mombasa, na dawa za mifugo alizijua kuliko chumvi. Nthiwa akaanza kumweleza dawa inachanganywa vipi.

"Mzee," Wangechi akamkatiza, "hii inachanganywa na maji. Si na maringo."

Akacheka mwenyewe, kicheko cha kutikisa kaunta. Wiki iliyofuata Nthiwa alirudi kwa ajili ya kupe ambao hawakuwepo. Akarudi tena. Hapa sitamcheka, maana alimpenda yule mama kwa moyo wote. Alianza kunyoa ndevu kila asubuhi. Alinunua vikombe vipya. Jioni alipiga simu Makindu kuuliza tu kama kumenyesha, na Makindu, jamani, kunanyesha lini? Alitaka kuzeeka na mtu wa kumcheka, na alimwogopa Mungu asije akamnyima hilo. Wangechi naye akakubali.

"Lakini kwetu kuna kupimwa," Nthiwa alimwambia kwa fahari. "Na mimi ndiye mwenyekiti."

"Pima," alisema Wangechi. "Mimi sindano nauza."

Yule nesi mstaafu alikuwa amehamia kwa bintiye, kwa hivyo Jumamosi ya kupimwa alikuja Yvonne, msichana wa maabara ya dispensari, simu mfukoni na subira kidogo sana. Alitazama kamati nzima imejipanga kwenye viti vya plastiki.

"Mzee, majibu ni ya mwenyewe. Hawa watoke nje."

"Wakae!" Nthiwa alisema. "Nina nini cha kuficha mimi?"

Wangechi alipimwa kwanza. Laini moja. Amina. Nthiwa akatoa kidole, akatabasamu, akamwambia Pasta Mbithi aagize chai iletwe. Laini ya kwanza ilitokea mahali pake. Wanakamati wakaanza kuvuta viti nyuma wainuke. Kisha ya pili ikaja, pole pole, bila aibu yoyote, ikakaa kando ya mwenzake.

Woi! Viti vilivyokuwa vimevutwa vikarudishwa mahali pake.

"Hicho kimepitwa na wakati," Nthiwa alisema.

Yvonne akamwonyesha tarehe kwenye pakiti. Kilikuwa kipya.

"Basi damu umeweka nyingi."

"Nimeweka tone, mzee. Kama la mama."

"Weka kingine! Si una boksi lingine hapo?"

Mweka hazina wa kamati, mtu mpole ambaye hakuwahi kumbishia mtu, akakohoa. "Daktari, lakini si tulisema ndiyo yenu iwe ndiyo..."

"Andiko lile ni la viapo!" Nthiwa alifoka. "Ni la viapo, si la damu! Muwe mnasoma Biblia vizuri!"

Miaka yote ile hakuna aliyejua kwamba Nthiwa anaijua maana ya andiko lile. Kumbe aliijua.

Yvonne akafungua kijiti cha aina ya pili. Laini moja. Akarudia cha aina ya kwanza. Laini mbili. Akavua glavu.

"Haijulikani," alisema. "Utarudi baada ya wiki mbili tupime tena."

"Haijulikani vipi na mimi nimekaa hapa?"

"Mzee, sikiza. Hiki cha kwanza ni kama mbwa wa boma. Kimetengenezwa kibweke, kisipitwe na mtu. Mbwa akibweka hukimbilii polisi, unatoka na tochi uangalie. Cha pili ndiyo tochi. Sasa mbwa anabweka na tochi haioni mtu. Tunangoja."

Nje, karibu na tangi la maji, Wangechi alimshika mkono. "Mimi sina haraka," alimwambia. "Na kama viko, kuna dawa. Dada yangu anameza na amenenepa kunishinda." Mtu mwingine angelia kwa shukrani. Nthiwa aliona ametukanwa. Yeye hakutaka dawa, alitaka laini moja, na alitaka kamati nzima iione.

Asi! Wiki mbili hizo hakukalika. Alijua wanakamati wanne wana wake wanne, na wake hao wana masoko ya kupeleka habari. Akaanza kuwinda majibu. Alipanda milima ya Mbooni hadi Kikima, kofia imevutwa mpaka kwenye nyusi, akanunua kwa duka la dawa kile kipimo cha kujipima mwenyewe, cha kupangusia ufizi. Akajipima nyuma ya nguzo za soko, kinywa wazi, watu wakidhani anaumwa na jino. Laini moja! Akampigia Yvonne hapohapo.

"Hicho ni cha kujichunguza tu," Yvonne alisema. "Hakifuti kile cha Jumamosi."

"Kwa nini cha ubaya kinahesabiwa na cha uzuri hakihesabiwi?"

"Mzee, niko na wagonjwa."

Akavuka kaunti hadi mjini Kitui, ambako hakuna aliyemjua, kwenye maabara ya kibinafsi yenye mashine kubwa. Hapo alitolewa damu ya mshipa. Mashine ile haitoi laini, inatoa namba: kuna kiwango, ukikaa chini yake huna, ukivuka unashukiwa. Namba ya Nthiwa ilivuka kidogo.

"Kidogo ni kiasi gani?" aliuliza.

"Kidogo tu, mzee. Iko pale mpakani."

"Sasa kama ni kidogo, si mnaweza kushusha?"

Kijana wa maabara alimwangalia kwa huruma, akidhani ni uzee. Hakujua anaongea na mwenyekiti.

Kufikia hapo Nthiwa alikuwa amejua mengi kuliko alivyotaka. Alijua kwamba vijiti, na hata ile mashine ya Kitui, zaidi hutafuta askari ambao mwili huwatuma kupigana na kirusi, na mara mojamoja askari wa vita vingine kabisa hufanana nao, mtu asiye na kitu akashikwa. Alijua kuna mashine za Nairobi zinazotafuta kirusi chenyewe, zikachukua chembe yake ndogo na kuizidisha mpaka ionekane, na kama hakimo hakuna cha kuzidisha. Alijua kipimo kipi kinawahi, kipi kinachelewa, kipi kinabweka bure. Akaanza kufundisha. Kwenye ushirika wa wanaume, badala ya kitabu cha Warumi, alisimama akasema, "Ndugu zangu, kipimo kimoja si ushahidi. Kumhukumu mtu kwa kijiti kimoja ni ujinga." Wanaume wakatikisa vichwa. Hakuna aliyemuuliza ujinga huo ulikuwa wa nani.

Wiki mbili zilipokwisha akarudi kwa Yvonne. Vijiti vyote vikatoa laini moja. Kwa kuwa mambo yalikuwa yamechanganyika, Yvonne akatoa damu ya chupa pia, ikawekwa kwenye kijisanduku cha barafu ikaenda Nairobi. Mzee alikonda akingoja. Alitubu dhambi zake zote alizozikumbuka, hata ya kumwibia jirani maembe utotoni, na katika orodha hiyo ndefu jina la Kasyoka halikumo.

Jibu likarudi: hakuna kirusi. Nthiwa alikaa kwenye benchi la dispensari akalia kama mtoto, mbele ya akina mama na watoto wao wa chanjo. Kisha akampigia Wangechi.

"Nilikuambia!" alisema.

"Hukuniambia kitu," Wangechi alimjibu akicheka. "Ulikuwa umenizimia simu. Nimefurahi, mzee wangu. Sasa tutulie."

Nao wangetulia. Lakini Nthiwa alitaka isomwe kanisani.

Jumapili hiyo Wangechi alikuja na kitambaa kipya kichwani, akaketishwa mbele. Pasta Mbithi akasimama akasema Mungu amemtoa mtumishi wake tanuruni, na mashine ya Nairobi imenena. Makofi. Kisha akatangaza kwamba kamati imeketi, imeomba, na imeongozwa: kuanzia leo hakuna mtu atakayehukumiwa kwa kijiti kimoja, kila mtu atathibitishwa mara mbili, mara tatu ikibidi. Makofi zaidi. Nthiwa alisimama akapunga mkono.

Wangechi naye akainua mkono wake. "Pasta, samahani, mimi ni mgeni hapa. Wale wa nyuma mliowapima mara moja, mliwarudia?"

Pasta alimwangalia Nthiwa. Nthiwa bado alikuwa na furaha yake, na furaha humfanya mtu aseme ukweli.

"Usijali, mama," alisema. "Alikuwa mmoja tu."

"Mmoja tu," Wangechi alisema. "Ni nani?"

Kanisa zima lilikaza shingo lisitazame nyuma, na ndipo Wangechi akajua atazame wapi. Akachukua mkoba wake, akapita katikati ya mabenchi mpaka mlangoni, akaketi kando ya Kasyoka. Mahubiri yalikuwa marefu, na wanawake wale wawili hawakuyasikiliza. Walinong'ona mpaka baraka ya mwisho.

Nthiwa alimkuta kwenye tangi la maji.

"Ningeolewa na wewe ukiwa navyo," Wangechi alimwambia. "Ningekupikia na kukukumbusha dawa, na tungecheka. Lakini wewe umejitafutia mashine mpaka Nairobi, na mtoto wa watu ukamnyima kijiti kilichokuwa palepale mezani. Ukaweka mkono juu ya boksi! Siku moja na mimi utaniwekea mkono juu ya kitu, nitafanya nini?"

"Wangechi, ile ilikuwa sheria ya kanisa."

"Ilipokugusa wewe ilivunjika kwa dakika moja," alisema, akaenda kutafuta gari la kwenda Makindu. Simu zake hakuzipokea tena. Siku iliyofuata Nthiwa alikwenda mwenyewe mpaka dukani, akasimama mlangoni, na Wangechi akamhudumia mteja mwingine, kisha mwingine, mpaka mzee akaelewa.

Sasa Tawa ikafanya hesabu zake. Mwanamke mzima, mjane, amejifunga kitambaa kipya, ameketishwa benchi la mbele, halafu anaondoka siku ileile majibu yanasomwa? Mwanamke hatoroki bure! Lazima anajua kitu. Na hiyo karatasi ya Nairobi, si wote wanajua karatasi hununuliwa? Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyetufundisha.

Nthiwa akawa anatembea na karatasi kwenye mfuko wa koti. Alimwonyesha mweka hazina, mwenye posho mill ya kusaga mahindi, na fundi viatu. Kila mmoja aliitazama juujuu akamrudishia kwa heshima. "Pole, daktari," walisema. "Usife moyo. Siku hizi kuna dawa, mtu anaishi tu."

"Lakini sina!"

"Eeh. Hata ukikubali ndani ya moyo ni mwanzo."

Baada ya ibada akina mama walimpa chai kwenye kikombe kimoja, kilekile kila Jumapili, na kikioshwa kiliwekwa kando. Pasta Mbithi alimwita akamwambia amefanya kazi nyingi, apumzike kidogo kwenye kamati, vijana washike. Alimwambia kwa upole sana. Alimwombea, hata akamwekea mikono, ila alipomaliza alikwenda kunawa.

Siku ya soko mzee alikaza moyo akaenda kwenye kibanda cha ndengu. Kasyoka alikuwa akipepeta, hakumwona mpaka kivuli kilipomfikia.

"Kasyoka, mwanangu," Nthiwa alisema. Alikuwa amepanga kuomba msamaha, na njia nzima alikuwa ameyarudia maneno. Mdomo ulipofunguka kilitoka kile alichokihitaji. "Wewe unavielewa hivi vipimo. Soma hapa. Nairobi wamesema sina."

Kasyoka alipangusa mikono kwenye leso, akaipokea karatasi. Aliisoma yote, kutoka jina mpaka mhuri, bila haraka. Wateja wawili walisimama wakatazama.

"Ni kweli," alisema. "Huna."

"Eeh!" Machozi yalimlengalenga mzee. Ndiye mtu wa kwanza Tawa kumwamini. "Basi waambie! Waambie watu, mwanangu. Wewe waambie tu."

"Mimi?" Kasyoka alimwangalia, na hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. "Daktari, mimi nikikutetea ndiyo watajua hakika unavyo."

Akamkunjia karatasi yake vizuri, akamrudishia, akamuuliza kama anataka ndengu.